Kengele ya Chumba cha Uani

Nyumba ile ilikuwa imelala mchana kweupe. Mapazia ya sebuleni yalivuta pumzi na kuishusha, feni ya darini ilijizungukia kwa uvivu wake, na Inspekta, aliyekuwa amesimama katikati ya zulia huku viatu kavishika mkononi, alijiona kama mtu aliyeingia katika ndoto ya mwenzake bila kubisha hodi.

Viatu alivivua kwa hiari yake. Ilikuwa tabia yake, na wenzake kituoni walimcheka kwayo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, aliyejulikana kwa kuuliza swali moja kisha akayasahau macho yake usoni mwa mtu mpaka mtu huyo ajibu na la pili ambalo hakuulizwa.

Jambo lililomleta lilikuwa rahisi kulisimulia. Bi Mkubwa, mwenye nyumba, mjane ambaye miguu yake ilikuwa imeacha kumtii, alianguka mchana chumbani kwake, akajigonga kichwa kwenye pembe ya meza, na mpaka sasa alikuwa amelala hospitalini bila kufumbua macho. Shingoni alikuwa amevaa kengele. Kengele yenyewe ni kitufe chekundu kwenye uzi, chenye kitaa kidogo pembeni. Ukikibonyeza kinapeleka habari kwa intaneti ya nyumbani, na papo hapo simu za wanawe wawili na ya muuguzi wake hulia kwa pamoja. Alipookotwa pale sakafuni, kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe. Hakuna simu iliyolia.

Muuguzi, mwanamke wa makamo aliyekuwa akimtunza tangu mume wa Bi Mkubwa afariki, alikuwa ameenda duka la dawa. Yeye ndiye aliyerudi akamkuta. Sasa alikuwa mahabusu, kwa sababu mwana wa kwanza wa Bi Mkubwa alikuwa ameandikisha maelezo kwamba muuguzi aliizima kengele kusudi, ili akazurure bila kusumbuliwa. Kesho asubuhi jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka. Likienda lilivyo, mwanamke yule asingeuguza mtu tena maishani mwake, na huenda angefungwa.

"Mimi si mtu wa maneno mengi, Inspekta," alisema yule mwana wa kwanza, kisha akaanza maneno mengi. Nyumbani walimwita Bwana Mkubwa tangu akiwa kaptula, kwa utani, na utani ukamkaa mwilini. Alikuwa na shati lililopigwa pasi mpaka likakoma, na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. "Tumebadilisha kampuni ya intaneti juzijuzi tu. Ile ya zamani ilikuwa inakwenda kwa magoti. Nikachukua kifurushi kikubwa, faiba, fundi akaja, akafunga, akapima nyumba nzima. Akaniambia mbele yangu, mpaka kwa Mama inafika. Inafika! Sasa kengele inyamaze siku ile tu, saa ile tu, na huyo mwanamke hayupo? Mtoto mdogo hadanganyiki hivyo."

"Kengele iko wapi sasa?"

"Hospitali walituvulia. Nimeirudisha chumbani, iko juu ya mto wake."

"Ibonyeze."

Hakungoja kuambiwa mara mbili. Nyayo zake zilisikika zikifuata korido ndefu, zikapungua, zikapotea. Inspekta alibaki na feni na mapazia. Mara simu iliyokuwa mezani ikapiga ukelele, na jikoni simu nyingine ikaitika. Huko jikoni kikombe kilianguka. Dada mdogo, mtoto wa pili na wa mwisho wa Bi Mkubwa, akatokea mlangoni akiwa ameshika kifua.

"Ni kaka," Inspekta alimwambia upesi. "Tunajaribu tu."

"Mungu wangu," alisema yule binti, akajishikiza kwenye ukingo wa mlango. "Nilidhani Mama karudi."

Alisema hivyo, akasikia alichokisema, akarudi jikoni kuokota vigae.

Bwana Mkubwa alirejea akiwa ameinua kidevu. "Umeona? Nzima kabisa. Kitu kizima hakijizimi."

Hilo ndilo lililokuwa likimkera Inspekta tangu asubuhi. Asubuhi alikuwa amekaa na muuguzi kwenye chumba cha mahojiano, na muuguzi hakulia wala hakuapa. Alisema jambo moja, akalirudia kila alipoulizwa kwa njia nyingine. "Taa ilikuwa ya kijani. Naitazama kila ninapotoka. Ikiwa nyekundu sitoki, hata kama dawa zimekwisha." Taa ya kijani maana yake kengele imeshika mtandao. Nyekundu, haijashika. Muongo aliyekubuhu angesema hajui, au angesema pengine ilizimika. Huyu alijifungia mlango mwenyewe na ufunguo akautupa. Ama alikuwa mjinga sana, ama taa ilikuwa ya kijani kweli.

"Nitembeze," alisema Inspekta.

Wakatembea. Faiba iliingilia mbele ya nyumba, kwa hiyo ruta mpya, nyeupe, ilikuwa imewekwa kwenye kona ya sebule juu ya kabati la vyombo vya wageni. Mtu alikuwa ameitandikia kitambaa cha kufuma, ili isionekane imekaa uchi. Kutoka hapo korido ilikwenda moja kwa moja kupita vyumba viwili vya kulala na bafu. Nuru iliyoingia kwa madirisha ya juu ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na vumbi lilielea humo bila haraka ya kutua. Katikati ya korido, kwenye soketi karibu na sakafu, kilikuwa kimechomekwa kisanduku kidogo chenye taa moja.

"Hicho ni cha kusukuma mawimbi mbele," alisema Bwana Mkubwa. "Fundi anakiita ripita. Bila hicho, hayafiki kwa Mama."

Inspekta alichutama. Juu ya soketi, ukutani, rangi ilikuwa na alama ya kahawia iliyopinda, kama ya ncha ya kitu cha moto.

"Nani anapiga pasi hapa?"

Bwana Mkubwa alitazama alama, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeokota kitu chake. "Yeye! Yeye ndiye anapiga pasi hapa, mashuka ya Mama. Si unaona? Anachomoa ripita, anachomeka pasi, halafu anasahau. Au hasahau, anaacha makusudi. Inspekta, kesi imekwisha hiyo."

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno, na Inspekta aliishika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiendelea kupapasa. Kama ripita ilichomolewa, taa ya kengele ingekuwa nyekundu, na muuguzi amedanganya. Aliposimama magoti yalimlia.

"Muite fundi wako," alisema.

Fundi wa intaneti alifika akiwa na ngazi begani ambayo hakuna aliyemwomba. Alikuwa kijeba wa mtu, mwenye kalamu sikioni na wasiwasi wa kuitwa mahali penye polisi. Inspekta alimkalisha kwenye kiti cha korido, akampa maji, akamngoja ayamalize.

"Ripita hii. Kama ilichomolewa tangu uifunge, utajua?"

"Nitajua, mama." Akatoa simu, akafungua programu yake, akaisogeza karibu na kisanduku kana kwamba anasikiliza mapigo ya moyo. "Inahesabu yenyewe muda iliokaa kwenye umeme. Ukichomoa, inaanza upya." Akasoma, akatikisa kichwa. "Haijachomolewa. Tangu mkono wangu uiguse, haijaguswa."

"Na pasi?"

Fundi akaonyesha upande wa pili wa mlango wa bafu. Kulikuwa na soketi nyingine pale, na chini yake kikapu cha mashuka yaliyokunjwa kwa unadhifu, kona kwa kona. "Muuguzi ndiye aliyenionyesha hii ya huku niitumie kwa ripita. Akasema yeye na pasi yake atahamia ile."

Bwana Mkubwa alikohoa. Ile nuru usoni ikamzimika.

"Vizuri," alisema Inspekta. "Sasa fanya kama ulivyofanya siku ile uliyofunga. Shika simu, tembea, upime, useme kwa sauti."

Wakaanza sebuleni, watatu, Inspekta nyuma pekupeku. Fundi alitembea taratibu, simu mbele ya kifua, macho kwenye mistari inayoonyesha nguvu ya mtandao. Ilikuwa ajabu kidogo kumfuata mtu anayetafuta kitu kisichoonekana wala kusikika katika nyumba iliyonyamaza hivyo. Dada mdogo alichungulia kutoka jikoni, akawaacha wapite.

"Hapa imejaa," alisema Fundi. "Hapa imejaa. Korido, mitatu. Kwenye ripita inapanda, inajaa tena. Tunaendelea. Mitatu. Miwili."

Korido iliishia kwenye mlango mzito. Chumba cha Bi Mkubwa hakikuwa sehemu ya nyumba ya kwanza. Marehemu mumewe alikijenga baadaye, uani, akakiunganisha, na ule uliokuwa ukuta wa nje, wa mawe, ukabaki katikati ya korido na chumba. Mlango ulipofunguliwa ilitoka harufu ya dawa ya kuchua na ya sabuni. Kitanda, mto, na juu ya mto kengele, taa yake ya kijani ikiwaka peke yake kwenye giza la pazia.

Fundi alivuka kizingiti. "Mmoja," alisema.

"Siku ile ulipata mingapi?"

"Siku ile ilikuwa..." Akainua simu, akaishusha, akasogea upande wa kichwa cha kitanda. "Mmoja."

"Siku ile, Fundi."

"Siku ile ilijaa."

"Wapi?"

"Hapa hapa. Nilisimama hapa, nikamwonyesha bosi. Ilijaa pomoni."

"Na hapo mlangoni, kabla hujaingia?"

Fundi alifumba macho kujikumbusha. "Miwili. Au mmoja na nusu. Nakumbuka niliona aibu kidogo, nikasema moyoni hapa nitatukanwa. Nikaingia, ikajaa. Nikashukuru Mungu nikaondoka."

"Mawimbi yanachokea koridoni, yanapita ukuta wa mawe, halafu yakifika ndani yanapata nguvu mpya?"

"Hayawezi, mama." Alilisema kwa sauti ndogo. "Ukiona yanapanda, ujue umekaribia yanakotoka."

Wote watatu walikitazama chumba. Pazia lilijaa upepo, likasinyaa. Kwa kitambo Inspekta alikuwa na hisia kwamba kuna mtu wa nne humo, mtu mzima, aliyekaa kimya akiwasubiri wafikiri.

"Mtandao huu unaitwaje?" aliuliza.

Bwana Mkubwa aligeuza uso. Fundi ndiye aliyejibu, huku akitabasamu kidogo. "Mzee Yupo."

"Eh?"

"Baba aliuita hivyo," alisema Bwana Mkubwa. "Utani wake. Ili sisi tukija na wenzetu, simu zikitafuta mtandao, cha kwanza kuona kiwe hicho. Mzee Yupo. Ukae kwa adabu."

"Lakini hiyo ilikuwa kampuni ya zamani. Hii ni mpya. Jina lilihamaje?"

"Nililihamisha mimi," alisema Fundi. "Ndivyo ninavyofanya kwa kila mteja. Jina lilelile, neno la siri lilelile. Watu hawapendi kuanza upya, mama. Simu, televisheni, kila kitu kina kumbukumbu yake. Ukiwapa jina jipya wanakupigia mwezi mzima. Ukiacha la zamani, kila kitu kinajishikia chenyewe, hakuna anayejua kwamba kuna kilichobadilika. Na Bi Mkubwa mwenyewe aliniomba. Alinishika mkono hapo kitandani. Akasema, mwanangu, fanya ufanyavyo, lakini usiniondolee Mzee."

Inspekta alikisogelea kichwa cha kitanda, akalikusanya pazia kwa mkono mmoja. Nyuma yake, ukutani, usawa wa bega la mtu aliyekaa, rangi ilikuwa na mraba uliokolea kuliko sehemu nyingine, safi, bila vumbi. Misumari miwili ilikuwa bado imesimama. Kutoka kwenye tundu la dirisha ulining'inia waya wa kijivu, ncha yake hewani, na chini kabisa kulikuwa na soketi iliyo tupu.

"Dada mdogo!" aliita.

Binti alikuja akiwa na nguo za kulalia za mama yake mkononi, alizokuwa akizipanga za kupeleka hospitali.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Hapo? Si kile kiruta cha zamani." Aliwatazama mmoja mmoja, asiyejua hili wala lile. "Nimekitoa nilipokuwa nasafisha, baada ya Mama kulazwa. Kampuni wanataka vifaa vyao virudishwe. Kiko kwenye buti la gari, sijapata nafasi ya kukipeleka."

"Ulisema kimeshatolewa!" Fundi alimgeukia Bwana Mkubwa. "Niliuliza, bosi. Mwanzo kabisa niliuliza cha zamani kiko wapi, ukasema kimetolewa."

"Nilijua kimetolewa! Nilimwambia Mama akitoe. Nilimwambia."

"Mama alisema kikae," alisema dada mdogo. "Waya wa simu wa kampuni ya zamani ulikuwa unaingilia huku uani, na meza ya Baba ilikuwa hapo. Baba ndiye aliyekipigilia. Mama alikuwa anasema kitaa chake kinamsaidia kulala." Akakunja ile nguo mikononi. "Kwani kuna nini?"

"Ulipokichomoa, kilikuwa kinawaka?"

"Kilikuwa kinawaka, ndiyo. Taa karibu zote."

"Karibu?"

"Moja ilikuwa nyekundu."

Inspekta aliliachia pazia. "Nenda ukilete," alisema.

Fundi alikitundika kwenye misumari yake ileile, akauchomeka waya wa kijivu, akawasha. Kilikuwa kisanduku cheusi, kikuukuu, na mtu alikuwa amebandika juu yake kipande cha plasta ili kifuniko kisilegee. Taa zake ziliamka moja moja, kwa kusitasita. Ya mwisho ikawa nyekundu, ikabaki hivyo.

"Waya wake umekufa," alisema Fundi. "Kampuni wameshakata huduma. Lakini chenyewe hakijui. Kinaendelea kutoa mawimbi yake ndani ya chumba kama kawaida. Jina lilelile, neno la siri lilelile."

"Na kengele?"

"Kengele ikiwaka inashika mtandao ulio karibu na wenye nguvu. Ngoja niizime, niiwashe." Akafanya hivyo. Taa ya kengele ikawa nyekundu, ikapepesa, ikawa ya kijani. Kijani kizuri, kilichotulia. Fundi akaonyesha simu yake mwenyewe. Mistari ilikuwa imejaa pomoni.

Inspekta aliiokota kengele, akauhisi uzi wake uliolainika kwa kuvaliwa. "Bwana Mkubwa, nenda sebuleni kwenye simu yako. Nawe dada, kaa kwenye ya kwako. Kengele ikilia, semeni."

Walikwenda. Nyayo zikafuata korido, zikapungua. Inspekta alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mahali ambapo shuka lilikuwa na bonde la mtu aliyelizoea, akaitazama taa ya kijani, akabonyeza.

Nyumba ilibaki ilivyokuwa. Upepo ulilishika pazia ukaliachia. Akabonyeza tena, akakandamiza kwa muda, na kidole chake kikawa cheupe kwenye ukucha. Mahali fulani mbali feni ilizunguka. Fundi alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, na hakujua pa kuyaweka macho.

Kutoka sebuleni ikaja sauti ya Bwana Mkubwa, kali, ya mtu aliyechoka kungoja.

"Bonyeza basi!"

"Nimeshabonyeza," alisema Inspekta, lakini hakuipaza sauti, na yule kwa mbali hakumsikia.

"Inspekta! Tunangoja, bonyeza!"

Akabonyeza mara ya tatu. Kisha akainuka, akaipitia korido yote na kengele mkononi, kidole juu ya kitufe, taa ikiwa ya kijani bado, mpaka akasimama mbele ya kiti cha Bwana Mkubwa ili aone kwa macho yake. Yule mwanamume alitazama kidole. Akaitazama simu iliyokuwa kimya mezani.

"Muuguzi alisema kweli," alisema Inspekta. "Taa ilikuwa ya kijani. Kengele ilishika mtandao uliokuwa juu ya kichwa cha mama yako, ikautumia kwa muda wote, hata baada ya fundi kuleta mpya. Nyinyi mlidhani mpya ndiyo inayofika mpaka kwake. Haikuwa hiyo. Mpya ilikuja kuifikia kengele baada ya dada yako kukitoa cha zamani, na kwa mstari mmoja tu, ambao kwa kengele unatosha. Ndiyo maana leo inalia. Siku ile ilikuwa imeshika kisanduku kisichoelekea popote."

"Lakini kilikuwa kinafanya kazi," alisema dada mdogo polepole. "Asubuhi ya siku ile Mama alinipigia kwa video, tukacheka. Picha ilikuwa safi."

"Ndiyo. Asubuhi kilikuwa kinafanya kazi." Inspekta aliketi. Macho yake yalikuwa yamefika usoni mwa Bwana Mkubwa na hayakuwa na haraka ya kuondoka. "Nani aliwapigia kampuni ya zamani kusitisha huduma?"

Bwana Mkubwa alichukua simu, akatelezesha kidole gumba kwenye orodha ya simu alizopiga, nyuma, nyuma zaidi, ingawa mtu angeweza kuona kwamba hakuhitaji kutafuta.

"Mimi," alisema.

"Lini?"

"Siku hiyo. Nikiwa kazini, mchana. Kabla sijaenda kula." Alikuwa anaongea kama anayesomewa maneno na mtu mwingine. "Waliniweka kwenye mstari, muziki unacheza tu. Nikapandwa na hasira. Halafu yule dada wa simu akaniambia, kaka, huduma yako bado ipo mpaka mwisho wa mwezi, tuiache iishe yenyewe. Aliniambia hivyo. Kwa upole kabisa. Nikamwambia sitaki kuwasikia tena. Nikamwambia kateni. Kateni sasa hivi, nikiwa hapa hapa kwenye simu. Akasema haya, kaka, nimekata."

Dada mdogo aliweka kiganja mdomoni. Nguo za kulalia za mama yao zilikuwa bado kwenye mkono wake mwingine.

"Nikaenda kula," alisema Bwana Mkubwa.

Inspekta aliwahi kuona watu wengi wakifikiwa na ukweli, na kwa kawaida walifanya kelele. Huyu alibaki ameinamisha kichwa, na machozi yakamdondokea kwenye lile shati lake la pasi bila yeye kuyafuta. Alimwonea huruma. Alimwonea huruma na hasira kwa wakati mmoja, kwa sababu kulikuwa na mwanamke mwingine aliyelala sakafuni mwa mahabusu jana usiku kwa saini yake.

"Nifunge mimi basi," alisema mwishowe. "Kama lazima mtu afungwe."

"Kwa kosa lipi? Hakuna sheria ya mtu aliyekata intaneti."

Jibu hilo lilimuumiza kuliko pingu. Alifumba macho.

"Lipo moja unaloweza kufanya," alisema Inspekta, akianza kuvaa viatu. "Maelezo uliyoandikisha, uyafute. Kuyafuta huwezi kwa simu. Unakuja mwenyewe kituoni, unasaini, na anayetolewa anatolewa mbele yako. Utaweza?"

"Nitamwambia nini?"

"Hilo halimo kwenye kazi yangu."

Walikwenda kwa gari la Inspekta, bila kuongea. Mji ulipita dirishani taratibu, milango ya maduka, miavuli, watu waliosimama kwenye vivuli, vyote vikiwa mbali, tena laini, kama vitu vinavyoonwa na mtu aliyeamka kabla ya usingizi kumwachia. Kituoni askari wa zamu alileta karatasi. Bwana Mkubwa alisaini pasipo kuisoma, yeye ambaye nyumbani alisoma mpaka maandishi ya chupa ya dawa. Kisha mlango wa ndani ukafunguliwa.

Muuguzi alitoka akiwa amejifunga kanga kiunoni, miguu mitupu, nywele zimemvurugika upande mmoja. Askari alimwambia kwamba ameachiwa, hana kesi. Alikubali kwa kichwa kama aliyeambiwa zamu yake imekwisha. Kisha akamwona Bwana Mkubwa kwenye benchi, na Bwana Mkubwa akasimama, maneno yote aliyoyapanga garini yakampotea.

"Dada," alisema. "Mimi..."

"Bi Mkubwa ameamka?"

"Bado. Dada, mimi ndiye niliye..."

"Wanamgeuza?"

Hakuelewa. Alimtazama Inspekta kama anayeomba msaada, na Inspekta akatazama dirishani.

"Hapo hospitali," alisema muuguzi. "Mtu asiyejigeuza mwenyewe anageuzwa, kaka. Ubavu huu, baada ya muda ubavu huu. Asipogeuzwa mgongo unafanya vidonda, na Mama ngozi yake ni nyepesi. Wanamgeuza?"

"Sijui," alisema Bwana Mkubwa. "Sikuuliza."

Muuguzi alikuwa ameshageuka kwa yule askari, akiomba viatu vyake.